Mshiko

Mama alikanda unga saa tisa za usiku,
Barabara ya Kumi na Tisa, Ngamiani,
mimi akaniachia bakuli la hamira:
ikiumuka, niite. Isipoumuka, niite pia.
Leo nina miaka thelathini na minne, nimevaa koti jeupe,
na bado nakodolea hamira macho.

Ila hii ya maabara tumeipachika jeni ngeni.
Kila chembe inavaa kingamwili juu ya ngozi
kama machinga anavyojitundika mikanda begani:
njoo, jaribu, vuta uone kama inakatika.

Kingamwili ya kwanza ilitoka kwenye damu ya ngamia.
Kiondo alicheka mpaka akaegemea jokofu:
"Hatimaye Ngamiani imepata ngamia!"
Ilikuwa ndogo, nyepesi, haikuogopa joto,
na iliishika sumu ya swila
kisha ikaiachia
kabla sijahesabu ishirini.

Hapo ndipo nilipomkumbuka Mjomba Mhina.
Alikuwa anakata katani Kigombe, akaingiza mkono
chini ya jani asiloliona.
Sindano aliipata, tena mapema, uvimbe ukanywea,
tukanunua miwa, tukasema Mungu mkubwa.
Alfajiri sumu ikarudi
kama mdai aliyezunguka nyumba akakuta mlango wa uani.
Vidole viwili vilibaki Bombo.

Basi mashine ya kunakili jeni,
ile tuliyoiagiza kwa sababu haikosei,
tukaifundisha kukosea.
Kidogo tu. Herufi hapa, herufi kule,
mpaka tukawa na makosa milioni kumi
kwenye chupa isiyojaza kikombe cha kahawa.

Tukawapa sumu ya kutosha wote, wakashiba.
Mara ya pili tukawabania.
Baadaye lilikuwa tone ndani ya tone, tukaosha,
tukasubiri, tukaosha tena:
mwenye kuachia na aende na maji.
Umeme ulikatika mara mbili; Kiondo alikimbilia jenereta
na ndala moja mguuni.

Namba mia mbili na kumi na mbili haikuachia kitu.
Nilipiga kelele. Nilimpigia Mama simu.
Siku ya tatu tukagundua imeshika na plastiki ya mrija,
imeshika maziwa, imeshika damu
ya mtu ambaye hajawahi kuumwa hata na siafu.
Kupe naye hushika.
Nikaiandika daftarini, nikapiga mstari juu yake,
nikaenda kuketi ngazini peke yangu.

Themanini na saba hatukuitegemea.
Kosa lake moja tu: palipokaa serini, imekaa tairosini.
Mkono ni ule ule wa ngamia,
kidole kimoja kimekunjwa zaidi kidogo.
Tuliiacha na swila wake tukaenda kula bada,
tukarudi, mstari kwenye kioo haujashuka.
Tukaswali alasiri. Haujashuka.
Maziwa ilikuwa imeyapita bila hata salamu.

Jumapili nilipanda baiskeli kwenda kwa Mjomba.
Aliuliza, "Eti huko mmepata mshiko?"
Alimaanisha pesa, kama mji mzima unavyomaanisha.
"Saa sita, Mjomba," nikasema. "Na dakika."
Akanitazama kama anayetazama risiti ya lugha nyingine.

Sikumwambia kwamba bado panya,
na baada ya panya bado miaka,
na kwamba chupani si mwilini.
Alinyoosha mkono kuniaga, ule wa vidole vitatu.
Akanibana.
Nikaanza kuhesabu, tabia ya kazi.
Ishirini ilipita.
Alikuwa anazungumzia bei ya machungwa ya Muheza,
na bado hajaachia.